Kitambaa cha Chini

Jumamosi ile Bi Mwanabibi aliondoka asubuhi kwenda Kutus, kwenye arobaini ya mtoto wa mpwa wake. Alivaa buibui la safari na viatu vya raba, na mkononi alishika kiondo kilichojaa ndizi. Alifika mlangoni akarudi, akafika tena, akarudi tena.

"Mwalimu," akaniambia, "aproni ya mtoto usiisahau."

"Siwezi kuisahau, Nyanya."

"Kitambaa kimo sandukuni. Kile cheupe cha juu. Cha juu kabisa, umesikia? Ufunguo uko kwenye kopo la majani ya chai."

"Nimesikia."

"Na huyu usimpe sukari ya kulamba. Akilia, mwambie nimekwenda kumletea mchele wa Mwea."

Kibibi, mjukuu wake wa miaka sita, hakulia. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya kiti ili apimwe.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwanabibi, mtaa wa Majengo mjini Nyeri, tangu Oktoba ya mwaka wa sabini na moja. Nilitoka chuo kikuu Nairobi na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikawa nangoja barua ya kunieleza nitafundisha shule gani. Kwetu ni upande wa Othaya, lakini nyumbani nisingeweza kukaa. Kila aliyepita njiani aliuliza, "Bado tu?" Basi nikakaa mjini, na kila siku nilikwenda posta. Jioni niliwafundisha kina mama wa mtaa kusoma na kuandika, barazani kwa Bi Mwanabibi, kwa ubao niliouomba kanisani. Yeye mwenyewe alikataa kujiunga nasi.

"Mimi nasoma Kurani," alisema. "Hiyo yenu ya 'Baba ana ng'ombe' nimsomee nani? Sina ng'ombe."

Jambo nililolitaka kwake lilikuwa moja tu, na lilimhusu Kibibi. Mwaka uliotangulia alimpeleka chekechea akiwa amemshika mkono, wakarudishwa mlangoni kwa sababu mtoto hakuwa na aproni, na watoto wa watu wote wakitazama. Bi Mwanabibi aliapa kuwa hatarudi pale. Mama yake Kibibi alikuwa amefariki. Baba yake, Athman, alikuwa dereva wa lori la mahindi, wiki yuko Isiolo, wiki yuko Nanyuki, na kila neno alimwachia mama yake. Novemba nzima na Desemba nilimbembeleza yule bibi. Nilimwambia nchi imepata uhuru miaka minane sasa na Kibibi ana haki yake ndani yake. Aliniambia nipunguze sauti, nyanya za jirani zinaiva kabla ya wakati. Lakini siku ya Alhamisi, akichambua maharagwe, alisema bila kuniangalia:

"Basi Jumatatu aende. Lakini anakwenda kwa neno lako, Mwalimu. Neno lako likinivunjikia, mtoto atabaki nami, na chuo chake cha Kurani kitamtosha."

Ndiyo maana Jumamosi ile, buibui lake lilipopotea tu kwenye kona ya msikiti, nilikimbilia lile kopo la majani ya chai.

Kitambaa cha juu kilikuwa shuka. Zamani lilikuwa jeupe, sasa lilikuwa na rangi ya uji. Katikati lilikuwa na kiraka, na pembeni doa la kahawia ambalo halikutoka kwa sabuni. Nililiinua dirishani, mwanga ukapenya kana kwamba nimeinua chandarua. Nikawaona watoto wa makarani na wa wenye maduka wamesimama mstari na aproni mpya, na Kibibi mwishoni amevaa shuka kuukuu. Nilijiambia kwamba Bi Mwanabibi amezoea kujipa makombo, yeye na wake, na hajui tena kwamba anaweza kupata kingine. Chuoni nilikuwa nimeandika insha tatu juu ya jambo hilo hilo.

Nikapeleka mkono chini. Nilipita leso mbili, kanzu ya mwanamume, kofia ya vito, mpaka nikagusa kifurushi kilichofungwa vizuri kwa utepe. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe kabisa, haijawahi kuvaliwa, imekunjwa vipande vitano, na inanukia kitu kikali nilichodhani ni dawa ya nondo. Kipande kidogo kuliko vyote kilitosha aproni bila kuharibu vikubwa. Na juu ya hilo, katikati ya vile vipande, nilikuta tepe tano zilizochanwa tayari, upana wa vidole vitatu. Nilicheka kwa furaha. Kamba za shingoni na za kiunoni zilikuwa zimekwisha kutengenezwa.

"Nyanya alisema cha juu," Kibibi alisema kutoka juu ya kiti.

"Cha juu kimechakaa. Nikianza kazi nitamnunulia Nyanya kingine."

"Hicho cha chini hakiguswi."

"Nani amesema?"

Alifikiri. "Hakiguswi tu."

"Simama wima nikupime," nikamwambia.

Aproni ya mtoto si kazi kubwa. Warigia, mwalimu wa chekechea, alikuwa amenichorea mfano wake nyuma ya bahasha. Unapima kutoka kifuani mpaka magotini, unakata karatasi ya gazeti kwanza, kisha unakunja kitambaa mara mbili ili pande zote zilingane, unaweka gazeti juu yake, unakata. Kwenye makwapa unapinda mkasi kama unachora sikio la kikombe. Kibibi hakuweza kutulia. Nikipima kifua alitaka kuona, nikipima magoti alicheka. Mimi pia sikutulia. Nilikata haraka, nikashona haraka, nikajidunga mara tatu. Nilikunja pindo kwa kucha, nikabandika tepe mbili shingoni na mbili kiunoni, nikapiga pasi ya makaa. Saa nane Kibibi alikuwa amevaa aproni yake, anazunguka uani, kuku wakimkimbia.

"Naonekana kama nani?" aliuliza.

"Kama mtu anayekwenda shule."

Bado mfuko ulikuwa haujawekwa. Tena pindo langu lilikuwa limeanza kufumuka upande mmoja. Nikamvua, nikamshika mkono, tukaenda kwa Salim.

Salim alikuwa fundi cherehani aliyefanya kazi kwenye baraza ya duka, karibu na njia ya msikiti. Miwani yake ilishikwa kwa uzi mweusi sikio moja. Aliponiona aliinua mguu kwenye pedali.

"Karibu Bi Digrii! Leo umeleta vitabu ama nguo?"

"Nguo, fundi. Nipigie cherehani pindo hili, na mfuko hapa mbele."

Aliichukua aproni akaigeuza. "Mishono hii umeshona na sindano ama na jembe?"

"Na haraka."

"Ati haraka! Kwani shule inahama?" Aliinua kiguu cha cherehani, akaweka pindo chini yake, akaweka mkono kwenye gurudumu. Hapo gurudumu halikuzunguka. Alishusha uso, akanusa. Akavuta utepe mmoja wa shingoni kati ya vidole vyake, polepole, kama mtu anayepima. Kisha aliiondoa aproni kwenye cherehani na kuiweka juu ya magoti.

"Kibibi," alisema kwa sauti nyingine, "nenda kwa yule mama wa karanga, mwambie Salim anasema akupe kidogo."

Mtoto alipokwisha kwenda, aliniuliza, "Hiki umekitoa wapi?"

"Sandukuni kwa Bi Mwanabibi."

"Juu ama chini?"

"Chini."

Alivua kofia yake, akaishika mkononi. "Mwalimu, hii ni sanda."

Nililijua neno, lakini kwa dakika nzima sikuweza kulikutanisha na kitu kilichokuwa mbele yangu.

"Ni nguo yake ya kuzikiwa," Salim alisema. "Hiki ni kipande cha ushungi, cha kumfunika kichwa. Na hizi ulizomfungia mtoto shingoni ni za kumfungia maiti. Sanda haipigwi cherehani, Mwalimu. Mguu wangu hauwezi kukanyaga hapa."

"Sikujua. Wallahi, Salim, sikujua." Niliapa kiapo cha kwao bila kufikiri.

"Najua hukujua. Nyinyi mkifa mnavalishwa suti." Hakucheka. "Mzee Muhammad, marehemu mumewe, alipokwenda Makka alirudi na bafta hii. Jora moja. Alikata sehemu mbili, yake na ya mkewe. Yake amezikwa nayo, mimi nilikuwepo. Hii ni ya mama. Kila mwaka kabla ya Ramadhani anaitoa, anaianika, anaitia kafuri, anairudisha."

Kibibi alikuwa anarudi na karanga kwenye kiganja.

"Nifanye nini?"

Salim aliangalia msikitini, akaangalia barabarani. "Bafta niko nayo. Nyeupe, nzuri. Kata kipande kama kile, chana tepe, tia kafuri, kunja, rudisha. Macho yake siku hizi ni ya kupapasa. Siku ya kipande hicho kufunguliwa, yeye hatakuwa mwenye kuangalia." Alivaa kofia yake. "Lakini mimi sijasema kitu."

Nilinunua bafta. Njiani kurudi, Kibibi alitaka aproni yake. Nilimwambia nitamshonea nyingine, nzuri zaidi. Akaikumbatia.

"Hii ni yangu. Umesema ni yangu."

"Nimesema, lakini—"

"Nyanya akirudi ataniona nayo."

Sikumnyang'anya. Ningeichukua vipi, na kwa maneno gani? Nilikata bafta ya Salim kwa kipimo cha ile nyingine. Nilichana tepe nne, nikasugua kafuri, nikakunja, nikakifunga kifurushi nilivyoweza na kukirudisha chini ya kanzu na kofia. Lile shuka kuukuu, ambalo sasa lingepaswa kuwa limekatwa, nililificha chini ya godoro langu. Kisha nikaanika aproni kwenye ua ili upepo uiondolee harufu. Nilipomaliza kila kitu, sanduku lilikuwa kama lilivyokuwa asubuhi. Nililifungua mara nne kuhakikisha.

Sikumbuki niliyoyala jioni ile. Jumapili nilikwenda kanisani nikatoka kabla ya mahubiri. Nilishuka mpaka daraja la Chania, nikatazama maji, nikapanda tena. Nilikwenda posta nikaikuta imefungwa, kana kwamba sikujua kuwa ni Jumapili. Nilirudi nyumbani nikafagia ua uliokwisha kufagiwa. Mlima Kenya ulikuwa wazi tangu asubuhi, theluji yake nyeupe mpaka inaumiza, na kila nilikogeuka niliukuta unanitazama.

Hesabu yangu ilikuwa fupi na niliirudia kila hatua. Nikisema kweli, neno langu limevunjika, na Kibibi haendi shule kesho, labda haendi kamwe. Nikinyamaza, anakwenda. Nani ataumia? Mtu atakayekuwa hajui. Na mtoto hai ni mkubwa kuliko kitambaa. Nilipofika hapo nilipata nafuu, nikakaa. Kisha nilimwona Kibibi amejifunga zile tepe, anamlaza mwanasesere wake wa kibunzi cha mahindi, nikasimama tena.

Bi Mwanabibi alirudi alasiri, vumbi la Kutus kwenye nyusi. Kibibi alimkimbilia mpaka nje.

"Mashallah! Na huyu mwalimu mdogo ni nani?"

"Ni mimi, Nyanya!"

"Si wewe. Wewe nilikuacha na kamasi." Alimgeuza huku na huku, akapapasa kifua cha aproni, akarudia. "Shuka langu lile? Umelifanya nini, Mwalimu, likawa hivi?"

"Nimelipiga pasi," nilisema.

Ulimi ulijisemea wenyewe, mwepesi. Kibibi alinitazama, akafumba midomo. Nilimfundisha kusema uongo, mimi niliyetaka asome.

Bi Mwanabibi aliingia ndani. Alivua buibui, akalikunja, akafungua sanduku ili aliweke. Nilibaki mlangoni, mkono kwenye fremu. Nilimwona akipeleka mkono chini, chini ya leso na kanzu, bila kuangalia, jinsi mtu anavyotafuta bega la mwenzake gizani.

"Mzee," alisema, "nimerudi. Kutus ni joto kama tanuri. Wanakusalimia."

Mkono ulikaa pale. Ulikaa kitambo. Kisha akalifunga sanduku, akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

"Nipe chai, Mwalimu. Kesho nitampeleka mwenyewe. Nataka wanione pale mlangoni, mimi na aproni yangu."

Nilichukua birika. Nililirudisha.

"Nyanya, si shuka."

"Nini si shuka?"

"Aproni. Sikukata shuka, niliona limechakaa. Nilitoa kitambaa cha chini, kile cha kwenye kifurushi. Sikujua ni nini. Salim ameniambia. Nimenunua kingine, nimekiweka mahali pake ili usijue, na shuka liko chini ya godoro langu."

Sikupumua mpaka nilipomaliza. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, shoka likishuka, likishuka.

Bi Mwanabibi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Lete shuka."

Nililileta. Alilitandika magotini, akatafuta lile doa la kahawia kwa kidole mpaka akalipata.

"Unajua hili ni la nani?"

"Sijui."

"Ni la Mwanaisha, mama yake huyu. Kibibi amezaliwa juu ya hili shuka, ndani ya chumba hicho unacholala. Mara ngapi nimelifua! Nilitaka siku ya kwanza mtoto aende na mama yake." Sauti yake ilipanda sasa. "Nilikuambia cha juu! Nilisema mara mbili! Wewe ulifikiri nini? Ulifikiri mimi sioni kuwa limechakaa? Mimi kipofu? Ulionelea shuka langu linamwaibisha mtoto, ukaenda kuchimba sanduku la mtu hai kama fisi!"

"Nisamehe, Nyanya."

"Sijafika huko. Mvue mtoto hiyo."

Kibibi alianza kulia. "Kwani siendi shule?"

Nilifungua tepe za kiunoni.

"Fumua," Bi Mwanabibi alisema. "Yote. Uzi kwa uzi. Na usinikatie hata mmoja kwa mkasi."

Niliketi kizingitini palipokuwa na mwanga, nikafumua. Mishono ambayo jana ilifumuka yenyewe leo ilikataa. Nyuma yangu alitia udhu, akasali alasiri yake iliyokuwa imechelewa, akakaa juu ya mswala muda mrefu akihesabu tasbihi. Kibibi alikuja akakaa karibu na goti langu, kamasi na machozi pamoja, akawa anakusanya nyuzi nilizozitoa na kuzipanga kwenye ngazi. Nilitaka kumwambia kitu. Mtu mwenye shahada alipaswa kuwa na neno moja la kumwambia mtoto. Nilimfuta kamasi, nikaendelea kufumua.

Nilipomaliza, nilimpelekea Bi Mwanabibi kitambaa na tepe. Tepe alizichukua kwanza, akazinyoosha moja moja kwenye paja. Hazikuwa zimekatwa, ila zilikuwa na matundu ya sindano nchani.

"Hizi zinarudi," alisema. Kisha akashika kitambaa kwa pembe mbili, akakiweka kichwani kama ushungi.

Kilikuwa na umbo la aproni bado. Juu kilifika katikati ya utosi, makwapa niliyoyakata yakaacha masikio yote mawili nje, na chini kikamwangukia mgongoni kama mkia. Kibibi, machozi bado usoni, alicheka. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, kicheko kikatoka kwenye pua.

"Unacheka nini, wewe?"

"Masikio, Nyanya!"

Bi Mwanabibi aliyagusa masikio yake. Niliona mdomo wake ukipinda upande mmoja, akaurudisha mahali pake. Akakivua, akakitazama dhidi ya mlango.

"Hiki hakinizibi tena," alisema. "Nikienda nacho kwa Mzee atauliza nani amenila masikio." Akanigeukia. "Kile ulichonunua ni cha wapi?"

"Cha Salim. Hapa hapa mtaani."

Baba yake Bi Mwanabibi alikuja akibeba mizigo ya Wazungu kutoka pwani, mama yake alitoka Tetu ng'ambo ya mto, na yeye alizaliwa nyumba tatu kutoka pale tulipokaa. Hata hivyo, kila mwaka kwenye ofisi ya serikali walimwuliza kwao ni wapi.

"Basi mwili utavaa cha Makka," alisema, "na kichwa kitavaa cha Majengo. Lete sindano."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sindano, Mwalimu! Jua linakwenda. Unadhani mtoto ataenda shule na mwanga wa koroboi?"

"Kumbe ataenda?"

"Ulitaka asiende? Maneno yote yale ya Novemba ulikuwa unajipigia kelele?" Alimpa Kibibi uzi autie kwenye tundu la sindano, maana macho yake hayakuweza. "Neno lako lilivunjika jana. Leo umelileta mwenyewe likiwa vipande. Sasa nyamaza nishone. Hii mishono yako ni kama kuku amepita kwenye matope."

Alikishona upya kile kitambaa cha aproni, pindo pana la vidole viwili, ili likunjuliwe mtoto akirefuka. Mimi alinipa mkasi na lile shuka, akanionyesha pa kukata. Kamba tulizikata upande wa kiraka. Mfuko tuliutoa pembeni, na yeye mwenyewe aliuweka ili doa liwe ndani, mahali mkono wa mtoto unapoingia. Nilikata taratibu. Hata hivyo nilimtazama usoni kila baada ya inchi moja, na mara mbili alisema, "Nimekwambia kata, usiniangalie."

Jumatatu ilikuwa na baridi ya Januari, umande kwenye majani ya migomba. Tulikwenda watatu, Kibibi katikati. Aproni yake ilikuwa nyeupe kifuani, kamba na mfuko rangi ya uji. Mlangoni Warigia alikuwa anawakagua watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa Kibibi aliinama.

"Mbona rangi mbili, mama?"

Nilifungua mdomo nieleze. Bi Mwanabibi alinikanyaga mguu.

"Ndivyo ilivyo," alimjibu Warigia. "Kuna sheria ya rangi?"

"Hapana, Bibi. Hakuna."

"Basi mpitishe, baridi hii."

Kibibi alipita. Alikuwa ameingiza mkono mfukoni mpaka kwenye kifundo. Hakugeuka. Bi Mwanabibi alisubiri mpaka mlango ulipofungwa na wimbo ukaanza ndani, sauti nyingi zisizolingana, kisha akajifunga leso vizuri na kuanza kuondoka. Nilimfuata. Barabara ya posta ilikuwa upande wa pili na miguu yangu ilitaka kwenda huko, kama kila asubuhi.

"Posta baadaye," alisema bila kugeuka. "Kwanza twende nyumbani ukafunge upya kile kifurushi. Mimi hufunga kwa kitanzi, unavuta mara moja kinafunguka. Wewe umenifungia fundo la kuni."

Nilisimama. Ndilo fundo tulilofundishwa sote kwetu Othaya tukiwa wasichana, la kubeba mzigo mgongoni kwenye mteremko bila kulegea. Mikono yangu ilikuwa imelifunga bila kuniuliza.

"Ulijua," nilimwambia. "Jana, ulipotia mkono sandukuni. Ulijua kabla sijasema."

"Nilijua mkono mwingine umepita hapo."

"Na ukaomba chai?"

"Nilikuwa na kiu," Bi Mwanabibi alisema. "Tena nilitaka kujua kama mtoto wangu anakwenda kwa neno la mtu, ama kwa maneno. Tembea, Mwalimu, maharagwe yako motoni."